Ufa uliokuwa juu ya nyumba yetu, na grafu iliyotugawa

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Sina picha ya kuweka na sijaja kutafuta huruma. Haya yametokea kwetu milimani, mbele kidogo ya Malindi, Lushoto. Nayaandika kama yalivyokuwa, maana kijijini yanasimuliwa vingine.

Mimi ni dada mkubwa. Wazazi walifariki nikiwa kidato cha pili, nikaacha shule nikalima kabichi na karoti ili wadogo zangu wawili wasome. Daudi yuko msingi. Upendo yuko kidato cha sita, anachukua PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu.

Likizo iliyopita Upendo alifungua tuisheni ya hesabu uani kwetu. Ubao ulikuwa mlango wa zamani tuliopaka rangi nyeusi. Vijana wa kata walikuja wengi, kwa sababu anafundisha bila kumdhalilisha mtu.

Walipofika kwenye functions, hasa kuvuta na kubana grafu, wakakwama. Kijana mmoja anaitwa Yona, mwenye mdomo, akauliza hiyo x ni nani hasa na anaishi wapi.

Upendo akawapeleka mlimani, juu ya nyumba.

Huko kulikuwa na ufa. Ulijitokeza wakati wa mvua za vuli, ukakata mteremko juu ya nyumba yetu na ya baba mdogo, na juu ya makaburi ya wazazi yaliyo katikati ya nyumba hizo mbili. Akawaambia wapige vigingi pande zote mbili, na kila Jumapili wakitoka kanisani wapime umeongezeka kiasi gani tangu siku ya kwanza. Muda unakwenda kulia, ongezeko linakwenda juu. Hiyo ndiyo function yenu, akasema.

Zilipopita Jumapili kadhaa, Yona ndiye aliyechora grafu ya kwanza kwenye karatasi ya manila. Kwetu vijana wamezoea kupima matuta ya shambani, basi akaweka boksi moja kwa nusu mita, kama anapima tuta. Ufa ulikuwa unakwenda kwa sentimita. Mstari ukalala chini kabisa, kama umechorwa kwa rula.

Baba mdogo alipouona alifurahi. Aliomba ile manila akaibandika dukani, watu wakaona, wakapumua. Hata mimi nilipumua, siwafichi.

Jumapili iliyofuata Upendo akasema leo tunajifunza stretch, yaani kuvuta grafu. Akachukua vipimo vilevile, akabadilisha scale ya kwenda juu, boksi moja likawa sentimita tano, akachora upya. Mstari uliolala ukainuka, ukapinda kwenda juu kama njia inayopanda Mtae.



Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda, amekuja kusikiliza. Akasimama akausogelea ubao.

"Juzi mstari ulikuwa umelala. Leo umeusimamisha wewe. Sasa aliyepanda ni ufa au ni chaki yako?"

Vijana wakacheka. Yona akasema, "Mwalimu, hapo mzee kakubana."

Na wakuu, tuseme haki, mzee alikuwa na hoja. Ukivuta grafu unaweza kumtisha mtu kwa kitu kidogo, na ukiibana unaweza kumlaza mtu juu ya hatari.

Upendo hakubisha. "Ni kweli baba, nimeuvuta. Kila kipimo nimekizidisha mara kumi. Lakini ufa ungekuwa umesimama, ongezeko lingekuwa sifuri, na sifuri hata uizidishe mara mia haiinuki. Nisingepata cha kuvuta."

Kisha akachora ya tatu, ameibana juu na kuivuta pembeni, akawauliza vijana ni kitu gani kimekataa kubadilika katika zote tatu. Walihangaika sana. Mwishowe ni Yona huyohuyo aliyejibu, na safari hii hakuwa anatania.

"Zote zinapinda juu. Hata ile yangu, ukiiangalia kwa karibu. Kila Jumapili inaongeza kuliko Jumapili iliyotangulia."

Baba mdogo alikaa tena. Alipozungumza alizungumza Kishambaa, sauti ya chini, akiniangalia mimi. Alisema kaka yake amelala pale, na yeye ndiye anayepalilia lile kaburi kila mwaka kabla ya Pasaka. Akiondoka, nani atapalilia?

Nikamwambia, "Baba, nakuheshimu. Lakini waliolala pale waliniachia hawa wawili, hawakuniachia nyumba."

Akasema mimi ni mtoto wa kike, nitaolewa, mambo ya ardhi ya ukoo nisiyaamue. Wiki hiyo nilishusha mabati ya nyumba yetu ili nisishawishike kurudi, tukahamia chumba cha mwinjilisti wetu, ng'ambo ya bonde. Nilimfuata baba mdogo kila nilipopata nafasi. Nilimpikia, nilimbembeleza, nilimwita mchungaji. Alikuwa ananipokea vizuri, tunakula, halafu anabadilisha mazungumzo.

Masika ilipokolea, mchana mmoja tulisikia kishindo, tukaona upande wetu wa mlima unashuka na migomba yake imesimama wima.

Tulichimba kwa majembe na mikono. Baba mdogo hatukumkuta ndani ya nyumba. Tulimkuta karibu na pale makaburi yalipokuwa. Makaburi yenyewe hatukuyaona tena. Yeye tukamzika kwenye eneo la kanisa.

Nilidhani hapo ndipo uchungu unapoishia. Baada ya msiba yakaanza maneno, kwamba Upendo alifanya uchuro, aliuchora mlima ukianguka na mlima ukamsikia. Wazazi wa vijana wakawazuia wasije tena kusoma kwake. Mlango wetu mweusi umebaki umeegemezwa ukutani kwa mwinjilisti, hauna maandishi.

Nilichojifunza mimi ambaye sikumaliza shule ni kwamba kabla hujauangalia mstari, angalia kwanza boksi moja ni kiasi gani. Na ujue kwamba picha ya kwanza ndiyo watu wanayoiamini. Ya pili, hata ikiwa sahihi, wanaona umewachezea.

Upendo, aliyekuja kwa ajili ya msiba, karudi shule. Siku ya kuondoka aliniambia jambo ambalo halijanitoka.

"Dada, ningeikagua scale ya Yona kabla mzee hajaibeba ile manila, asingeona nimeuvuta. Angeondoka."

Nilimwambia si kosa lake. Akatikisa kichwa tu, akapanda gari.

Walimu wa hesabu mlioko humu, na yeyote aliyewahi kusema ukweli akachelewa kuaminiwa, naomba mchango wenu wa mawazo, nimjibu nini. Anapiga simu Jumapili, na ataniuliza tena kama ni yeye aliyekosea.