Kompyuta Aliyopewa Shemeji

Pale kliniki kila mtu alimwita Bi Stoo, na jina hilo halikumuudhi hata kidogo, maana stoo ilikuwa ufalme wake. Ni yeye aliyejua glavu ziko rafu gani na mizani ipi ina wazimu. Kilichomshinda ni kile chumba cha nyuma kilichojaa kompyuta zilizokufa, zimerundikwa hadi dirishani, ukifungua mlango waya zinakunasa miguu. Daktari mwenye kliniki alipotaka chumba hicho kiwe cha chanjo, alimtuma atafute watu wa kuzichukua taka zile.

"Ila wawe wa kuaminika, Bi Stoo. Humo mna siri za wagonjwa."

Aliitikia, lakini moyoni alicheka. Siri gani ndani ya mashine iliyokufa? Maiti hasemi.

Akaanza kuzunguka. Kampuni ya kwanza ilimpokea kwa soda na maneno matamu, ila alipoomba kuona zinakovunjiwa, akaambiwa funguo anazo meneja, na meneja kasafiri. Ya pili ilikuwa nje ya mji. Mafundi wake, barakoa usoni, hawakuwa hata na muda wa kumsalimia vizuri. Walimwonyesha mashine inayosaga diski, kile kidude cha ndani kinachotunza kumbukumbu, wakamwambia mteja anaruhusiwa kusimama na kutazama mpaka mwisho. Bi Stoo aliona ni mbwembwe tu.

Isitoshe, kulikuwa na shemeji. Mume wa mdogo wake alikuwa mtu wa vyuma chakavu, mpole, mchapakazi, mikono imejaa makovu ya kuchoma waya apate shaba. Aliposikia habari, alikuja mwenyewe.

"Jamani shemeji, riziki ipite mlangoni kwangu iende kwa wageni?"

"Nakupa moja kwanza, nione kazi yako."

Akampa ile ya mapokezi, ambayo kioo chake hakikuwaka tangu zamani. Damu nzito kuliko maji, alijiambia. Tusimlaumu sana, nani hajawahi kumpendelea wa kwao?

Baada ya siku chache shemeji alirudi ameikumbatia kompyuta ile ile, haijaguswa hata parafujo. Akaketi juu ya boksi la pamba bila kukaribishwa.

"Vipi, imekushinda?" Bi Stoo akamtania. "Au nyundo imeogopa?"

Shemeji hakucheka. "Hii haijafa. Kilichokufa ni kioo. Nimeiunganisha na kioo kingine nione kama inauzika, ikawaka."

Bi Stoo akainuka, akaufunga mlango wa stoo.

"Watu wote wamo humu, na majibu ya vipimo vyao. Shetani akanipitia, nikatafuta jina la mke wangu."

Ndoa yao ilikuwa imekaa miaka bila mtoto. Mdogo wake Bi Stoo mwenyewe ndiye aliyesema tatizo ni lake, na tangu hapo mama mkwe hakuacha kumwita tasa, hata mbele ya wageni. Bi Stoo naye alikuwa akimwambia avumilie tu, kwani afanyeje?

"Tulipimwa wote wawili hapa," shemeji akaendelea. "Majibu alikuja kuyachukua yeye, mimi nilikuwa kazini. Akaniambia niko salama, mwenye tatizo ni yeye. Kumbe yeye ndiye mzima. Ni mimi, shemeji. Miaka yote hii anatukanwa kwa ajili yangu."

Bi Stoo alilia. Alimlilia mdogo wake, na alilia kwa aibu, maana siri hiyo ni yeye aliyeitoa mlangoni kwa mikono yake.

"Nisamehe. Nilidhani imekufa."

"Hizo nyingine usinipe," shemeji akasema. "Hata nikikuomba, usinipe."

Bi Stoo akaichagua kampuni ya wale mafundi wasiosalimia. Siku ya kupeleka mzigo alipanda lori mwenyewe, na shemeji akaomba kufuatana naye, kompyuta ya mapokezi mapajani. Walisimama wakatazama diski zikiingia moja moja. Ilipofika zamu ya diski ya ile ya mapokezi, shemeji alimkabidhi fundi kwa mkono wake. Mashine ikanguruma, vikatoka vipande vidogo mno.

Bi Stoo akashusha pumzi. "Yamekwisha, shemeji," akamnong'oneza. "Sasa hakuna atakayejua."

Shemeji alitikisa kichwa. Akatoa simu mfukoni, akampigia mama yake.

"Mama, usimwite tena mke wangu tasa. Asiyezaa ni mimi, mwanao."

Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, mafundi wote wakisikia.