Nilimwacha Binamu Yangu Abebe Lawama za Gari Nililoliunguza Mwenyewe

Kosa ni langu. Nalisema leo kwa sababu nimechoka kuitwa mtu mwema. Msinipe pole! Nina hasira, na ninayemkasirikia kuliko wote ni huyu anayeandika.

Kwanza mnijue. Mimi si mbumbumbu. Nilitoka Nyahanga, hapa Kahama, nikaenda Afrika Kusini na begi moja. Mchana niliosha vyombo hotelini, jioni nikasoma, mpaka nikapata diploma ya umeme. Hakuna mjomba wala mfadhili aliyenishika mkono! Niliporudi nikawa mtu wa kwanza mtaani kwetu kuendesha gari la umeme. Halikuwa langu. Nilikodishiwa kwa mkataba na kampuni moja ya Mwanza. Lakini watu walipolisifu kama langu, nilinyamaza na kupandisha kioo.

Nilikuwa nikibeba wanunuzi wa dhahabu kati ya Geita na Kahama. Siku hiyo mteja alitaka turudi kwa njia ya Nyarugusu. Chaji ilikuwa imepungua, niliiona kwa macho yangu. Kiyoyozi nikakiacha kivume kwa nguvu zote, maana mteja alikuwa akikisifia. Tulipoipita Nyarugusu gari likazima katikati ya vumbi, jua linawaka. Mteja akashuka, akasimamisha bodaboda, akaondoka bila hata kuaga.

Nikapiga simu kwenye kampuni. Dada aliyepokea akaniambia, "Kaka, lisivutwe kabisa. Tunatuma lori la kulipakia mgongoni. Subiri hapo hapo."

Na nilijua! Hilo ndilo linaloniuma. Ilikuwa kwenye mkataba, na hata isingekuwemo ningejua. Gari la namna hii ukiliburuta magurudumu yakiwa chini, yanazungusha mota, na mota inafua umeme usio na pa kwenda. Inajiunguza yenyewe. Hiyo ni kazi niliyoisomea!

Lakini wachimbaji wa dhahabu wa jirani walikuwa wameshajaa.

"Bosi, limezima kama tochi!"

"Tukuletee betri za redio?"

"Mwacheni, huyo ametoka Ulaya. Huko magari yanalala mchana."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi, mtu wa diploma, nachekwa na watu wenye matope hadi kwenye nyusi! Nikaapa sitakaa pale hata kidogo.

Ndipo akatokea Luhende na lori la mtu, analirudisha Kahama likiwa tupu. Luhende ni mtoto wa shangazi yangu, rika langu, na kwetu binamu ni mtani. Tangu tunachunga ng'ombe hatujawahi kusalimiana kwa adabu. Akasimamisha lori, akatoa kichwa dirishani.

"Muosha sahani! Umekwama?"

"Shuka ufunge kamba, we mla michembe ya viazi."

Akashuka, akalizunguka gari. "Hili linavutwa, au linabebwa kama bibi harusi?"

"Nani mwenye diploma hapa? Funga!"

Akafunga. Alifunga kwa sababu mimi nilimwambia. Nikakaa kwenye usukani, nikawapungia mkono wale wachimbaji kama waziri. Hatukufika mbali. Taa nyekundu zikajaa kwenye dashibodi mbele yangu, nikaziona, nikasema moyoni tufike tu kwenye lami. Mara harufu ya waya ulioungua, kisha moshi. Luhende alisimama mwenyewe, mimi nilikuwa bado napungia watu.

Kampuni ililichukua gari, kisha ikamtuma mkaguzi nyumbani kwangu, kijana wa Dar es Salaam, nadhifu, mpole. Alinikuta uani na Luhende tunakula ugali. Akaomba ruhusa ya kurekodi kwa simu, nikampa. Akauliza, "Nani aliagiza gari livutwe?"

Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Mimi nilikwenda kutafuta maji ya kunywa. Niliporudi nikakuta huyu ameshalifunga kamba na kuliburuta."

Luhende akaangua kicheko, tonge mkononi. Alidhani namtania! Na mtani akirushiwa mpira haukwepi.

"Kweli kabisa, mkaguzi," akasema. "Ni mimi. Nililiiba. Nilikuwa nalipeleka mnadani nikalibadilishe na ndama wawili. Huyu unamuonea bure, huyu gari halijui, anajua sahani tu. Nifungeni mimi!"

Mkaguzi hakucheka. Hakujua kama ni binamu yangu. Akamwomba jina lake kamili na jina la mwenye lori, na Luhende akayataja kwa madaha, akiongeza vyeo vya uongo. Kisha Luhende akanitazama, akingoja nimalize utani ule, niseme, "Usimsikilize, huyu ni mtani wangu, niliagiza mimi."

Sikusema. Nilinawa mikono.

Mkaguzi alipoondoka, Luhende alinipiga begani. "Leo umeniweza! Lakini na siku yangu inakuja." Masikini, alikuwa bado anacheka!

Kampuni ilimdai mwenye lori. Mwenye lori hakuuliza mara mbili, akamnyang'anya Luhende funguo mbele ya madereva wenzake na kumwita mhuni. Luhende akaja kwangu.

"Binamu, ule si ulikuwa utani? Mwambie tajiri wangu."

"Nitaongea naye."

"Lini?"

"Kwani nani alikutuma kuropoka mbele ya simu? Ungefunga mdomo wako!"

Ndiyo, nilimgombeza! Nilimkaripia mtu niliyemzamisha. Akanitazama kama anatafuta mahali nilipoficha kicheko. Hakukiona. Akaenda zake. Kampuni ikanipa gari jingine, nikaendelea kupandisha kioo. Luhende hakupata lori lolote mjini, maana madereva na matajiri wao husikilizana. Mwisho akaenda Nyarugusu, akaingia kwenye duara, shimo la dhahabu, kuchimba, yeye aliyekuwa anaogopa hata kisima.

Kisha mama yangu akafariki.

Msibani kwetu watani ndio wanaotupa pumzi. Wanaiga sauti ya marehemu, wanalala kaburini wakidai walipwe kwanza ndipo wainuke, mpaka mfiwa anacheka huku machozi yanatiririka. Mama alimpenda Luhende kwa vituko vyake, alisema siku ya kumzika asikosekane. Watu wakawa wanatazama njia. Wengine walianza kutabasamu walipomwona anaingia.

Alikuja moja kwa moja mpaka niliposimama. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka. Pole kwa msiba."

Shikamoo! Kwangu mimi, rika lake! Shangazi yangu, mama yake mzazi, aligeukia ukuta. Nilifungua mdomo nimtukane kama zamani, nimwambie aache ujinga, lakini alikuwa ameshageuka. Luhende alikwenda kushika jembe, akachimba kaburi na wenzake kimya kimya, akanawa, akaondoka. Mama yangu alizikwa bila mtu wa kumtania, na kila mzee pale alijua kuna jambo nimelifanya, hata kama hawakulijua jina lake.

Baada ya matanga nilikwenda Mwanza, nikasema kila kitu. Wakavunja mkataba na kuchukua gari, na deni la lile lililoungua wakanipa mimi. Sawa! Nilikwenda kwa mwenye lori. Akanisikiliza, akasema ameshaajiri dereva mwingine mwenye watoto pia, hawezi kumfukuza kwa sababu ya uongo wangu. Nilimkasirikia, kisha nikaona sina haki hata ya hasira hiyo.

Nikaenda Nyarugusu. Nilimkuta Luhende mdomoni mwa duara, uso mweupe kwa vumbi la mawe. Nikamweleza yote mbele ya wenzake. Nikamaliza kwa kusema, "Nitukane, binamu. Niite muosha sahani."

Akafuta jasho. "Nimekusikia, bosi. Asante kwa kuja. Kuna watu wananisubiri chini."

Akashuka.

Sasa wewe unayesoma na kujiona mjanja: kama kuna mtu anayebeba kosa lako leo, usimngoje akasirike ndipo uende. Nenda wakati bado anacheka, wakati bado anakuita majina mabaya na anadhani unatania. Mimi nilingoja mpaka akaanza kuniheshimu.