Maji ya Mama Nyandeng

Wapendwa, leo nimeaibika kwenye bomba la maji.

Jana kanisani hapa kambini Kakuma nilifundisha kwamba neema hupewa asiyestahili. Amina zikajaa.

Asubuhi hii kwenye foleni ya maji, mtungi wa jirani yangu Mama Nyandeng ulikuwa mbele ya wangu, mwenyewe hayupo. Nikausukuma nyuma kabisa!

Kumbe alikuwa amemkimbiza mtoto wake kliniki. Aliporudi, kina mama wakamwambia ni mimi niliyeusukuma, wakaurudisha mtungi wake mbele.

Akajaza. Zamu yangu ikafika, bomba likakauka.

Akanitazama, akanimiminia nusu ya maji yake.

"Shika, mwalimu. Leo jua ni kali."

Nikayabeba hadi nyumbani.

Sasa ni saa tisa mchana. Maji yapo mezani, nina kiu, na mkono hauendi.

Nyinyi mngeyanywa?