Punda wa Mzee Nzau

Mzee Nzau ndiye aliyeshika ufunguo wa tangi la kanisa pale Mutomo. Syombua alipokuja Jumapili moja na mtungi, mumewe akiwa hoi kwa homa, Nzau hakumfungulia.

"Leo ni siku ya Bwana, mama. Rudi kesho."

Jumapili iliyofuata punda wa Nzau alitumbukia kisimani. Mzee aliacha mahubiri yake katikati, tena anawasema Mafarisayo, akatoka mbio. Syombua, mjane wa siku nne, alivuta kamba naye mpaka punda akatoka.

"Kwani mzee, leo si siku ya Bwana?" aliuliza kwa upole.

Siku hizi tangi halina kufuli. Kila Jumapili Nzau humwona Syombua akilipita na mtungi wake mtupu, akienda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu.