Kitanda cha Mteremko

Nakumbuka asubuhi moja nilipomshukuru mume wangu kwa moyo mweupe kabisa, naye akaninunia wiki nzima kama niliyemtukania mama yake. Tulikuwa na miezi michache tu ya ndoa, na kwa shukrani ile ndoa nusura ivunjike. Kaa, mwanangu, nikusimulie, maana unajiandaa kuishi na mwenzio, na simu yako imejaa mashauri ya watu ambao hawajawahi kulala chumba kimoja na mgonjwa.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Bahati, mume wangu, ni wa Uvira, ng'ambo ya pili ya ziwa lile lile, lakini tulikutana hapa hapa Durban. Nilikuwa nasuka nywele saluni, kule Umbilo Road, yeye akipakia malori kwenye maghala ya Clairwood. Tulipanga chumba kimoja Berea, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja wa Kizulu, mjane, ambaye sote tulimwita Gogo, yaani bibi. Chumba chenyewe kidogo, ukitaka kufungua kabati sharti mmoja wenu apande kitandani. Lakini kilikuwa chetu. Nilikitandikia mashuka ya satini mekundu, zawadi ya harusi kutoka kwa wenzangu wa saluni, na nilijiona malkia.

Sasa huyu Bahati alikuwa na kiungulia. Si kile cha kula maharage kikapita. Alikuwa akirudi kazini amechelewa, anakula bonge la ugali kwa sombe, kisamvu cha kwao, na pilipili, halafu anaanguka kitandani chali. Kabla hakujapambazuka ameshaamka anakabwa, maji machungu yamempanda kooni. Na hakuniambia. Nikimuuliza, anasema, "Niko sawa, sheri, mpenzi wangu, iko kikohozi tu." Wanaume wa ziwani, Mungu awasamehe, wanadhani bwana harusi hana ruhusa ya kuumwa. Mwishowe akahamia kwenye kiti cha plastiki, analala ameketi, blanketi mabegani, na mimi kitandani nalia nikijua nimeshachokwa. Saluni walinipa kila jibu isipokuwa la kweli. Mmoja aliapa kuwa yuko mwanamke Clairwood.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi hatukufika kwenye kilio, tulifika kwenye sauti: siku moja aliamka sauti imekauka kabisa, hata salamu haitoki, na koo likamwuma hadi akashindwa kumeza chai. Nikamburuta kliniki. Nesi alimsikiliza, akampa vidonge, akamkataza kula na kulala hapo hapo. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kitanda chenu, upande wa kichwani, kiinueni kwa matofali, kama shibiri moja hivi, ili tindikali ya tumbo ishuke isipande. Mito haifai, alisema, inamkunja mtu tumboni na kuzidisha taabu. Njiani Bahati akaniomba radhi kwa kile kiti cha plastiki, nami nikamwomba radhi kwa yule mwanamke wa Clairwood ambaye hakuwahi kuwepo.

Basi tukaweka matofali mawili, moja kila mguu wa kichwani. Siku hazikupita nyingi mwanamume akalala hadi asubuhi. Mimi je? Mimi niliteleza. Satini na mteremko havipatani, mwanangu. Ninalala juu kichwa kikiwa mahali pake, ninaamka nimejikunja chini kwenye ubao wa miguuni. Kuvua mashuka yangu sikutaka, umalkia wangu wote ulikuwa pale. Nikawa namtania Bahati kila asubuhi: "Ipo siku nitateleza mpaka Clairwood, nikutangulie kazini." Alikuwa akicheka. Lakini utani ukirudiwa sana, msikilizaji huanza kuuwekea maana, na mwenzangu alikuwa ameshaanza.

Ikaja siku ya mvua, nimechoka sana, nimesuka tangu asubuhi, nikalala kabla hajarudi. Nilipoamka nilikuwa pale pale nilipoweka kichwa. Sijateleza hata kidogo. Nikapapasa, kitanda kimenyooka sawasawa, na chini, kwenye miguu ya kitanda ya upande wa miguuni, kuna matofali mengine mawili. Nikajua moja kwa moja: Bahati amepona, na sasa ananionea huruma, amekisawazisha kwa ajili yangu. Nilifurahi hadi machozi. Nikapika chai, nikamwekea mbele na kumwambia, "Asante kwa kitanda, mume wangu. Leo nimelala."

Akanitazama kwa macho mekundu. Akasema, "Karibu."

Yaliyokuwa moyoni mwake nilikuja kuyajua baadaye. Alikuwa amerudi, akalala, akaungua kifua mpaka alfajiri. Na yeye alipapasa, akakuta yale matofali ya miguuni, akasema moyoni, basi, mwanamke amechoka na ugonjwa wangu, ameona alale vizuri yeye, mimi nife na koo langu. Na sasa ananikejeli kwa chai.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini sisi tulikuwa tumekilalia, na bado hatukujua. Angeuliza neno moja. Ningeuliza neno moja. Yeye akarudi kwenye kiti chake cha plastiki, matofali hakuyagusa, kiburi. Mimi nikaona kiti kile tena, nikasema moyoni, kumbe hata kliniki ilikuwa kisingizio, mtu hanitaki. Tukaishi hivyo, salamu za "umeamkaje" na "niko sawa", hadi Jumamosi akakunja nguo zake kwenye begi. Akaniambia anakwenda kukaa kwa binamu yake Clairwood, karibu na kazi. Nikamjibu, "Sawa." Unajua nilitaka kusema nini? Nilitaka kusema usiende. Likatoka hilo la "sawa", na yeye akalichukua kama lilivyo.

Uani Gogo alikuwa anaanika nguo. Akamwona Bahati na begi, mimi mlangoni na uso wangu umevimba. Hakuuliza safari. Aliuliza kitanda. "Wanangu, sasa mnalala salama?"

Tukamkodolea macho. Ndipo akaeleza, kwa Kiingereza chake kilichochanganyika na Kizulu. Siku ile ya mvua, sisi tukiwa kazini, aliingia chumbani kwetu kufunga dirisha, maji yasituharibie godoro. Akaona kitanda kimewekwa matofali, upande mmoja tu. Akatuonea huruma. Kwao wazee huinua kitanda kwa matofali kwa sababu ya tokoloshe, kijitu kifupi cha kichawi, kisije kikampanda mtu akiwa usingizini. Lakini huinua miguu yote minne. Akajiambia, watoto hawa wa wageni wamefundishwa mila yetu nusu, nao wamelala wazi upande wa miguuni. Akamwita fundi aliyekuwa anatengeneza mfereji wa bati, wakainua kitanda, wakaongeza matofali mawili.

Bahati aliweka begi chini. Akaniuliza, "Kumbe si wewe?" Nikamwambia, "Mimi nilidhani ni wewe." Nikalia, mwanangu, pale uani mbele ya nguo za watu, na yeye akanishika mkono ambao hakuwa ameushika tangu siku ya chai.

Tulipomweleza Gogo habari ya nesi na kiungulia, alicheka hadi akashikilia kamba ya nguo. Kisha akaacha kucheka. Akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mnalala kitanda kimoja, halafu mimi wa nyumba ya mbele ndiye niwaambie kilichoko chini yake?"

Aliingia mwenyewe, akatoa matofali yake ya miguuni. Akapapasa mashuka yangu mekundu, akaguna, akaniletea shuka lake la flaneli, kuukuu, limechoka rangi. Nililitandika nikiwa nimenuna kidogo, nisikufiche. Sikuteleza tena. Satini nikaishona pazia, na likawa pazia zuri kweli. Gogo alishatangulia mbele za haki, Mungu amrehemu. Sisi tumehamia Umbilo, tumezeeka, na kitanda chetu bado kimeinuka kichwani. Wanetu wanatucheka, na mzee wangu analala vizuri, anakoroma kuliko lori.

Basi mwanangu, shika maneno haya. Ukiwa na kiungulia, nenda kliniki kwanza, usijitibu kwa kusikia; kitanda husaidia, hakitibu kila kitu. Inua kitanda chenyewe, usijirundikie mito. Acha kula na kujilaza. Lakini lililo kubwa ni hili: mwambie unayelala naye kinachokuuma, kabla majirani hawajakipa jina lao. Baya ukilikuta nyumbani mwako, uliza siku ile ile, wala usilikunje pamoja na nguo kwenye begi. Na zuri ukilikuta, uliza pia. Mimi niliikuta raha nikailalia bila kuuliza imetoka wapi, na raha yangu ilikuwa maumivu ya mtu aliye kando yangu.

Nenda sasa, mchumba wako anakusubiri. Mungu akupe usingizi wa kutosha, afya ya kifua na ya tumbo, na nyumba isiyokosa cheko. Akupe mwenza wa kukuuliza umelalaje na akangoja kusikia. Nawe akujalie ulimi wa kumjibu kweli.