Digrii Niliyoichora kwa Mkono wa Kushoto

Mtu wa kwanza kunipiga siku hiyo ndiye aliyekuwa amenipa chai.

Kikombe chake bado kilikuwa na joto pale kwa benchi. Mimi niko chini kwa matope ya Laini Saba, Kibera, mkono umevunjika, na watu kama hamsini wanapigania nafasi ya kunikanyaga.

Kosa langu? Nilikuwa natengeneza digrii.

Cheka tu. Hata mimi siku zingine nacheka, na nina zaidi ya miaka sabini na meno mawili ya mbele si yangu.

Ilikuwa 1979. Naitwa Nasambu. Nilikuwa nakaa Kabiro, Kawangware, chumba kimoja, na nilikuwa mwalimu msaidizi chuo kikuu. Mwanamke peke yangu kwa idara, na mdomo wangu haukuwa na breki.

Chuo kilitaka digrii mpya ya kuchanganya masomo. Sheria, ujenzi, afya, uchumi, yote kwa mwanafunzi mmoja, ndio akimaliza ajue vile watu wanaishi mjini.

Kamati ilikaa miezi saba. Miezi saba ya matusi! Kila idara inataka vipindi vingi kuliko ile ingine. Siku moja mwanasheria alimrushia injinia kisahani cha majivu ya sigara, kikampasua juu ya jicho, damu ikamwagika kwa ratiba ya mwaka wa pili.

Hapo nikasimama.

"Wazee, wacheni ujinga. Anzeni na nyumba moja."

"Nyumba gani?" injinia akauliza, ameshika leso kwa jicho.

"Yoyote. Pale Kibera. Kila mwanafunzi apewe nyumba moja, akae nayo miaka mitatu. Wa sheria amuulize, mwenye nyumba ana karatasi gani ya hii ardhi? Wa ujenzi amuulize, maji ya mvua yanapita wapi? Wa afya, mtoto wa hapa anaendesha tumbo kwa nini? Nyumba ndiyo itapanga masomo, si nyinyi."

Injinia akashusha leso.

Halafu Dakta Shivachi akatabasamu. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati, mtu wa kupima ardhi, suti safi, sauti ya pole.

"Nasambu, hiyo sasa ni digrii. Niletee ramani ya nyumba arobaini. Namba, jina la mwenye nyumba, na kama ana karatasi au hana. Seneti ikiona hiyo, itapitisha."

Nilifurahi mpaka nikatembea kwa miguu hadi Kabiro nikiongea peke yangu. Nilijiona mtu.

Wiki iliyofuata nikaingia Laini Saba na mkebe wa rangi nyeupe na brashi. Sikuita mkutano, sikuomba mzee yeyote ruhusa. Kwani? Si mimi pia ni mtu wa mtaa?

Karibu na reli nikapata Wekulo, fundi wa majiko ya makaa. Mbukusu mwenzangu. Tuliongea lugha ya kwetu, akanitolea kikombe cha chai, akasema mwalimu wa chuo kikuu kukaa kwa benchi yake ni baraka.

Alikuwa mpangaji wa Bi Mabrouka, mama Mnubi ambaye babu yake alikuwa askari wa Mwingereza. Bi Mabrouka alizaliwa kwa hiyo nyumba. Alinijibu kila kitu huku akichambua mchele.

"Karatasi ya ardhi, Bi Mabrouka?"

"Babu alionyeshwa kwa kidole. Karatasi hakuna."

Nikaandika: hana.

"Na hiyo ramani, mwanangu, itakaa kwa nani?"

"Kwa chuo. Ni ya masomo tu."

"Chuo ni nani?"

Nikacheka. Haki ya Mungu, nilicheka. Nikaenda kwa mlango wake nikapaka 17 kubwa, nyeupe.

Nyuma yangu, nyundo ya Wekulo ikanyamaza.

Kitu sikujua ni hiki. Mwaka uliopita, ng'ambo ya reli, milango ilipakwa namba nyeupe hivyo hivyo. Siku ya tatu trekta ikalaza nyumba chini. Mke wa Wekulo, Nasipwondi, alitolewa chini ya ukuta akiwa maiti.

"Nani amekutuma?" Wekulo akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa.

"Ni ya masomo, ndugu yangu…"

Mpini wa nyundo ukanishukia mkono wa kulia. Nilisikia mfupa ukikatika kabla nisikie uchungu.

"Ni hao! Ni hao wa rangi!"

Wee! Watu wakatoka kila mlango. Teke la mbavu. Jiwe la mgongo. Mama mmoja alinimwagia ile rangi yangu usoni, mwingine akanivuta nywele, na kiatu cha mtu nisiyemjua kikachukua meno yangu mawili. Nilimeza moja.

Aliyeniokoa ni Bi Mabrouka. Alitoka na mchi wa kinu, akampiga wa kwanza bega, wa pili kiuno, akasimama juu yangu miguu huku na huku.

"Atakayemgusa tena nampasua kichwa! Huyu ni mgeni wangu, ameketi kwangu!"

Walirudi nyuma. Alinifunga mkono kwa leso yake, akanisafisha rangi machoni. Wekulo alikaa chini akilia kwa sauti, mpini bado uko mkononi. Hasira yangu yote iliisha nilipomwona.

"Wekulo," nikasema, damu ikinitoka mdomoni. "Naapa kwa kaburi la mama yangu. Hizi namba hazitavunja nyumba ya mtu."

"Unaapa?"

"Naapa."

Aliniamini. Yeye mwenyewe ndiye alinisukuma kwa mkokoteni mpaka hospitali.

Nilirudi na plasta hadi kwa kiwiko. Wakaniacha nimalizie zile nyumba arobaini. Ramani niliichora kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala upande, saba zangu zote zina mkia.

Seneti ikapitisha. Makofi. Dakta Shivachi akanishika bega mbele ya watu wote, akaniita mama wa digrii.

Siku kumi na moja baadaye, Alhamisi asubuhi, muuza sukuma akapita Kabiro akipiga nduru kwamba Laini Saba inavunjwa.

Nilikimbia njia yote.

Hawakuwa askari. Walikuwa vijana wa kukodiwa, mitaimbo mkononi, na trekta moja. Mtu wa kofia alikuwa amesimama na karatasi, anasoma.

"Kumi na tano!"

Ukuta ukaenda.

"Kumi na saba!"

Kumi na sita waliiruka. Nilijua kwa nini. Mwenye kumi na sita alikuwa na karatasi. Angeweza kwenda kortini.

Wekulo alikuwa anang'oa mlango wa Bi Mabrouka. Kibera kitu cha kwanza unaokoa ni mlango, sababu ukiwa nao unaweza kujenga tena. Walimwambia aache. Hakuacha. Mtaimbo ukampata usoni, na akaanguka na mlango juu yake.

Nilimrukia yule wa kofia, nikamuuma mkono, akaangusha karatasi. Nikaiokota.

Herufi zimelala upande. Saba zina mkia.

Ilikuwa ramani yangu.

Sikumbuki vile nilifika chuo. Dakta Shivachi alikuwa ofisini, na mezani kulikuwa na nakala ingine ya ramani yangu, imechorwa upya. Nyumba hazipo. Kuna ploti tu. Ploti ya kwanza ina jina lake mwenyewe, Shivachi.

"Nasambu, keti. Haya mambo ni makubwa kuliko…"

Nilimpiga kwa plasta. Mdomoni. Nikampiga tena, plasta ikapasuka, nikaendelea na mkono uliovunjika mpaka wakanishika watu wanne. Leo ukiniuliza kama najuta, nitakwambia hapana.

Digrii ilianza na wanafunzi kumi na tisa. Mimi nilianza na selo, miezi sita. Kazi ikaisha. Shivachi alinunua meno mapya.

Nilipotoka nikaenda kwa Wekulo. Walikuwa wamejenga ng'ambo ya reli, chumba cha matope, na mlango wa mbele ulikuwa ule ule. 17. Bi Mabrouka alikuwa anachambua mchele, hakunisalimia.

Wekulo alinigeukia na jicho moja. Lile lingine lilikuwa limeshonwa.

Nikapiga magoti.

Aliuangalia mkono wangu wa kulia. Halafu akasema, polepole, bila hasira:

"Mwalimu, siku ile nilikupiga kidogo sana."

Nyinyi mnaosoma, mnaopita mitaani na fomu, na simu, na maswali yenu mazuri. Najua nia yenu ni safi. Yangu pia ilikuwa safi.

Mama mmoja aliniuliza swali moja tu, ramani itakaa kwa nani, na mimi, na elimu yangu yote, nikacheka. Usiandike jina la mtu kabla hujamjibu hilo.