Boti ya Baba na Maji ya Chumvi

Kutoka kwetu Mabira, mkoani Kagera, hadi baharini ni zaidi ya siku nzima ndani ya basi. Hata hivyo mimi, mwanamke fundi simu wa Nkwenda, nilikaa mwaka mzima napambana na chombo kilicholiwa na maji ya chumvi. Chombo chenyewe kilikuwa boti ya rimoti, nyekundu, ndefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi ncha ya vidole. Mwenyewe alikuwa baba yangu, mzee wa miaka sabini na ushee.

Kaka yangu, anayefanya kazi Dar es Salaam, ndiye aliyemletea Krismasi moja, kwa utani tu. Enzi za ujana wake baba alivuka Mto Kagera kwa mtumbwi akimfuata ndama aliyepotea, na hadithi hiyo tulilishwa pamoja na uji. "Taata, mtumbwi wako huu hapa," kaka akasema, tukacheka wote. Baba hakucheka. Aliuliza rimoti inashikwaje.

Ulikuwa mwaka mbaya kwake. Alikuwa ameanguka mtelemkoni akitoka kunywesha ng'ombe bondeni, nyonga ikaumia, na tangu siku hiyo akawa mtu wa magongo. Ng'ombe wakauzwa, akabaki mmoja, jike la pembe ndefu, mzee na mwenye maringo. Jirani ndiye aliyekamua na kukata majani. Baba aliingia chumbani akageukia ukuta, na ukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba bila kukutazama. Mama alishatangulia zamani, kwa hiyo hapakuwa na wa kumgombeza. Niliogopa kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Niliona wazi kwamba asipotoka kitandani pale, hatamaliza mwaka.

Boti ikamtoa. Nyuma ya jiko tulikuwa na hori la matofali na saruji, refu kama vitanda viwili, ambamo ng'ombe hunyweshwa. Baba akaomba kiti kiwekwe pale. Jirani akanipigia simu kunieleza kwamba mzee yuko juani, anaendesha boti na kuitukana ikigonga ukuta. Nilifunga kibanda changu cha simu pale Nkwenda nikaenda kununua soda, nikanywa peke yangu kwa furaha.

Wiki ya pili boti ikafika kwangu kwa bodaboda, ndani ya kiroba, imekufa. Nilipofungua kifuniko nikakuta bodi imeota kutu ya kijani kama ukoka, na miguu miwili ya risiva, kile kipokezi cha mawimbi ya rimoti, imekatika kabisa. Nikampigia.

"Taata, umeiendesha wapi hii?"

"Horini."

"Na maji yana chumvi?"

"Hori lisilo na chumvi ni la kazi gani?"

Nilipaswa kujua. Kwetu ng'ombe hawekewi maji matupu; huwekewa maji yaliyokorogwa chumvi, na mfugaji asiyefanya hivyo huchekwa, watu wakapata la kusimulia kilabuni. Lakini maji ya chumvi yakiingia kwenye bodi yenye umeme, yanakula shaba mchana na usiku. Maji ya mvua unayakausha yakaisha. Chumvi inabaki pale pale, na ikipata unyevu kidogo tu inaanza upya.

Niliiosha bodi kwa maji ya mvua kwanza, kutoa chumvi, kisha nikaisugua kwa mswaki na spiriti, nikaianika, nikalehemu miguu iliyokatika. Simu za wateja zilingoja. Jirani alishaniambia kwamba tangu boti iondoke, mzee amerudi kitandani.

Mara ya pili ilikuja ikinuka. Nikafungua nikakuta samli. Baba alikuwa ameipaka bodi yote samli ya ng'ombe, tena kwa ukarimu, kama alivyopaka mkuki wake na kamba zake za ngozi maisha yake yote. Samli ilikuwa imechacha, shaba imezidi ukijani, na sisimizi walikuwa wamefanya makazi chini ya betri.

"Taata, hii siyo ngozi!" nilimfokea kwenye simu. "Ukiipaka samli unaiua. Usiguse ndani, umesikia? Usiguse kabisa!"

Akajibu, kwa upole ambao sikuuzoea, "Nimesikia, mwana wange." Nilikuwa nimemsemesha kama ninavyowasemesha wateja wanaotumbukiza simu chooni. Niliona haya siku nzima, lakini sikupiga simu kuomba radhi. Mdomo wangu ni mwepesi wa kufoka tu.

Ilipokufa mara ya tatu niliirudisha mwenyewe kwa bodaboda, imepona, na nia yangu ilikuwa moja: kumwaga maji yale ya chumvi na kumjazia hori maji matupu. Ng'ombe apewe chumvi yake kwenye sufuria, mambo yaishe. Nilimkabidhi boti, nikaingia jikoni kutafuta ndoo.

Nilipotoka nayo nikamkuta kwenye kiti chake, mfuko wa chumvi mapajani. Alirusha konzi mbili horini, akaishusha boti kwa kamba, akabonyeza rimoti. Boti ikaenda ikirudi, ikigeuka, mkia wake ukitoa povu na kuivuruga chumvi iliyozama. Baba akaanza kuimba polepole ule wimbo wa kunyweshea, wa kumsifu ng'ombe pembe zake na mwendo wake. Ng'ombe akasogea, akainamisha kichwa, akanywa. Sikuwa nimeusikia wimbo ule tangu aanguke.

Akaniona na ndoo yangu. "Mkono wangu haufiki tena chini," akasema. "Nisipokoroga, anakunywa maji matupu juu, chumvi inabaki chini."

Mimi nilidhani mzee anacheza. Kumbe alikuwa kazini. Niliweka ndoo chini, nikaketi juu yake ili asinione vizuri usoni.

Siku ile nikaacha kupigana na chumvi ya baba, nikaanza kuikinga boti. Nilipaka bodi rangi ya kucha isiyo na rangi, mara tatu, kila mara nikisubiri ikauke. Nikajaza grisi kwenye bomba la mhimili wa pangaboi linaloisukuma boti, nikaziba kifuniko kwa silikoni pembeni na kuacha kipande kimoja tu cha kufungulia. Kisha nikampa masharti: akimaliza kunywesha, aisuuze boti kwa maji ya mvua, aifute, aifungue kivulini ikauke. Akawa mkali wa masharti kunishinda. Jirani alilalamika kwamba alifukuzwa kwenye pipa la mvua kwa kutaka kunawia miguu.

Boti ikamaliza kiangazi, ikamaliza vuli, ikamaliza kiangazi kingine. Baba alifariki masika yaliyopita, na asubuhi ya siku ile alikuwa ameketi horini.

Matanga yalipoisha nilibaki na ng'ombe. Nikajaza hori, nikatia chumvi, nikapandisha mkono wa gauni nikakoroga mwenyewe hadi kwapani. Ng'ombe akasimama akinitazama. Nikakoroga tena. Akakigeukia kile kiti. Nilimtukana kwa Kinyambo, matusi niliyorithi kwa baba, kisha nikaenda kuichukua boti chumbani.

Iliteleza mkononi. Chini, ubavuni na kuzunguka kifuniko chote ilikuwa imepakwa samli, nyembamba, kwa dole gumba, michirizi yake ikionekana. Nikafungua haraka. Ndani kulikuwa kukavu na kusafi, rangi yangu ya kucha inang'aa, hakuna alichogusa. Alikuwa amenitii ndani. Nje aliamua yeye.

Nililia pale pale, kwa sauti, ng'ombe akisubiri. Halafu nikaishusha boti majini. Ikaenda ikirudi, povu likatoka, na ng'ombe akaja akanywa, ingawa wimbo siujui maneno yake na nilivuma tu puani.

Alipomaliza niliisuuza kwa maji ya mvua, nikaifuta, nikaifungua kivulini. Ilipokauka nikaingia jikoni kuchukua kibuyu cha samli, nikapaka nje.